Mkono Ulioambiwa Ulale

Kiharusi kilipomkamata Stumai wa Iguguno, hakikuchukua mkono wa kulia peke yake. Kiliondoka na Kiswahili pia. Alizinduka hospitalini akisikia watu wanapiga kelele tu, mpaka mdogo wake Sikudhani alipoinama na kumsemesha Kinyiramba, ndipo maneno yakaingia. Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana aitwaye Ezekieli, alisema yake yote kwa Sikudhani, na Sikudhani akayageuza.

"Amesema mkono ulale," alimwambia dada yake. "Ukiusumbua, damu itapanda tena kichwani."

Stumai akaulaza. Miezi minane mkono ule ulikaa mapajani umefungwa kwa kipande cha kanga, kama mtoto wa mtu aliyeachiwa amtunze. Na ulikuwa mkono wa kazi hasa! Vikapu vyake vya nyasi vilijulikana mpaka Nduguti. Sasa anayesuka ni Sikudhani, palepale kibarazani, na wateja wameanza kumwita fundi. Stumai alikuwa anamwangalia anavyokosea, ananyamaza. Mtu anakuogesha, anakuvalisha, utamsema nini?

Kiswahili kilirudi kidogokidogo. Mwezi wa nane tangu atoke hospitalini, akasikia Ezekieli amekuja zahanati ya kijiji, akajikongoja na fimbo mpaka huko. Sikudhani alikuwa shambani anavuna alizeti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Ezekieli akafungua kanga, akaona vidole vilivyojikunja. "Mama, nani amekufunga hivi?"

"Si wewe? Ulisema ulale."

"Ulale? Nilisema ufanye kazi kila siku, hata kama hausogei! Nilimweleza mdogo wako mara mbili. Akanirudia maneno yote, hakukosea hata moja."

Stumai aliutazama mkono wake. Ezekieli akadhani hajaelewa kwa nini mkono ufanye kazi.

"Mkivuna shamba la mbali, mnabeba ugali kutoka nyumbani?"

"Utafika umekuwa jiwe. Tunabeba unga, tunapika hukohuko."

"Na siku watu wasipokwenda shambani?"

"Nani atawasha moto wa bure?"

"Basi na kichwani ni hivyo. Seli ya fahamu ina matawi mengi, mengine yako mbali na kiini chake. Kiini hakipiki kila kitu halafu kikakisafirisha. Kinatuma maelekezo, na tawi lenyewe linatengeneza hukohuko protini za kulikuza, liote, lishikane na wenzake. Lakini linapika sana likipata habari kwamba kuna kazi. Ukijaribu kusogeza kidole, hata kikikataa, habari inafika."

"Na mkono uliolala?"

Ezekieli akatazama chini. "Habari hazifiki. Tumechelewa, mama, sikufichi. Vidole vingine huenda visirudi. Lakini tuanze leo."

Sikudhani aliporudi na furushi la alizeti kichwani, alimkuta dada yake kibarazani, kanga imefunguliwa.

"Ezekieli anakusalimia," Stumai alisema, kwa Kiswahili, makusudi.

Sikudhani akatua mzigo taratibu. Hakuuliza Ezekieli yupi.

"Dada, nilikuonea huruma. Ulikuwa unalia kwa maumivu."

"Ungesema hivyo wiki ya kwanza, ningekuamini. Miezi minane, Siku?"

Sikudhani aliokota bua la alizeti, akalivunja, akalivunja tena.

"Tangu nizaliwe mimi ni mdogo wake Stumai. Shuleni, kanisani, hata kwa mume wangu ni hivyohivyo. Nikasema acha na mimi kidogo niitwe kwa jina langu."

"Kidogo cha mpaka lini?"

Sikudhani akaanza kulia, na Stumai, ambaye tangu utotoni akimwona analia humvuta kifuani, safari hii hakunyanyua hata mkono ule mzima.

Alichota nyasi mbili kwenye rundo la kusukia vikapu kwa mkono wa kushoto, akazichomeka katikati ya vidole vilivyojikunja. Zikaanguka. Akazichomeka tena.

"Nikushikie?" Sikudhani aliuliza.

"Umeshanishikia vya kutosha."

Sikudhani akarudi nyuma hatua moja, akabaki amesimama. Stumai akakazia macho kidole cha shahada, akakiamuru kisogee. Hakikusogea. Jasho likamtoka. Akakiamuru tena.