Mtori Mweupe

Bado naikumbuka siku ile, mwanangu, maana aibu yake sijaisahau mpaka nimezeeka. Nilikuwa bi harusi wa miezi miwili, nimetoka Moshi mjini kuja kwa mume wangu huku Old Moshi. Wifi yangu Aikande alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, akarudi kwa mama yake kulelewa uzazi. Siku ya tatu maziwa yalikuwa bado hayajatoka vizuri, na mtoto analia mpaka sauti inakauka. Mama mkwe akashika panga aende kukata majani ya ng'ombe.

"Mpikie wifi yako mtori," akaniambia. "Leo anakutegemea wewe."

Mtori ni ndizi na supu tu, nikajisemea. Lakini mimi nilitaka wangu uwe mweupe, wa kusifiwa. Nikamenya ndizi mshare, nikaona zinaanza kuwa nyeusi, nikazikamulia ndimu mbili. Ziling'aa kweli. Nikazitia kwenye supu ya mifupa, nikachochea kuni, nikasubiri weee. Kila nikiponda kwa mwiko zinateleza tu, ngumu. Kwa kuchanganyikiwa nikamimina maziwa, nayo yakakatika vipande vipande. Chumbani mtoto bado analia.

Mama mkwe alirudi, akaonja, wala hakugomba. Afadhali angegomba.

"Ndizi umeipa ndimu, italainika saa ngapi?" akaniuliza. "Umeyapikia macho, mama. Mwenzio ana njaa."

Akanipakulia bakuli la mtori wangu huohuo, nile huku namtazama akipika upya. Alijipaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande, akamenya, kila ndizi akaitumbukiza kwenye maji matupu. Nyama aliyoinjika upya ilipolainika ndipo ndizi zikaingia. Alingoja mpaka zikavunjika zenyewe, akaponda, akaepua, mwisho kabisa akatia chumvi na maziwa yaliyochemshwa. Ukatoka mtori wa kijivu, hauna hata sura. Aikande alikunywa mabakuli mawili, akalala. Alipoamka mtoto akanyonya, nyumba ikatulia, nami nikaenda kulia jikoni peke yangu.

Sasa wewe kesho unakwenda Kwa Sadala kumuuguza dada yako na kichanga chake. Najua nyie chakula mnakipiga picha kwanza, sikukatazi. Ila chagua mshare mbichi zilizokomaa. Usiziogope zikiwa nyeusi kidogo. Ndimu na nyanya zisubiri mpaka ndizi ziive. Anayetaka ndimu akamulie kwenye bakuli lake. Na kabla hujawasha moto, ingia chumbani umtazame unayempikia. Mimi siku ile sikuingia. Ningeiona midomo ya Aikande ilivyokauka, nisingehangaika na weupe.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, na kila unakopika sufuria yako irudi imekombwa.