Nyimbo Zilizokatwa Mkia

Ipo Jumapili moja ambayo haijanitoka kichwani miaka yote hii, mwanangu, na jana wewe uliifukua. Ulikuwa sebuleni na rafiki yako mkisikiliza wimbo kwenye simu. Akakuuliza, "Hii ni ya nani?" Ukaifunika simu kwa kiganja. "Zii, nikikushow kila mtu ataijua." Mkacheka. Mimi nilikuwa jikoni nakata sukuma wiki, na sikucheka. Nilinyamaza kwa sababu mtoto hakemewi mbele ya mgeni. Leo mgeni hayupo. Keti.

Unaniona na kitambaa cha kwaya kichwani ukadhani nilizaliwa nacho. Miaka ya tisini nilikuwa msichana wa kiwanda kule Thika, napanga mikebe ya mananasi tangu asubuhi hadi miguu ivimbe, na kichwani mwangu kumejaa magitaa. Nilipenda roki. Nilipenda na pop, hasa zile za mtu aliyeachwa na mpenzi wake. Nyumbani wangejua, wangeitisha maombi. Aliyenielewa ni Rehema, mtoto wa Majengo, aliyesimama karibu nami kazini na kuimba chini ya kelele za mashine ili msimamizi asimsikie.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tulikwenda Mwihoko kwa Mburu. Mburu aliuza vyombo vya plastiki sokoni Ruiru, kijana mpole, mcheshi, na alikuwa na redio ya kanda mbili, ile ya kurekodi kutoka kanda moja hadi nyingine. Wa nne wetu alikuwa Kilonzo, fundi wa magari, ambaye kwake wimbo usiopasua masikio haukuwa wimbo. Kila mtu alikuja na kanda yake, na Rehema na mandazi yake juu. Sheria ilikuwa moja, na aliyeitunga ni Mburu mwenyewe: wimbo wa mwenzako husikilizwa hadi mwisho, uupende usiupende. Nilivumilia magitaa ya Kilonzo mpaka meno yakauma, na ndivyo nilivyojifunza kuyapenda. Wiki nzima nilingojea siku hiyo. Sikuwa na starehe nyingine.

Upande wa pili wa ukuta wa mabati aliishi mwenye ploti, yaani mwenye vyumba vyote vile vya kupanga, mama mzee tuliyemwita Cucu, nyanya kwa Kikuyu. Kazi yake Jumapili ilikuwa kutupigia ukuta kwa mwiko. "Punguzeni hiyo makelele ya mashetani!" Tulipunguza kidogo, tukaongeza tena.

Basi Mburu akatuambia, "Leteni kanda tupu, nitawarekodia zangu." Tukaleta. Tukampa na zetu azirekodi, bila kinyongo. Mimi nilimpa ile niliyoipenda kuliko zote, ambayo shangazi yangu aliniletea kutoka Nairobi, nami sikuwahi kumkabidhi mtu mwingine. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Alizoturekodia zilikuwa na jambo. Kila wimbo ulikatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nilimuuliza Mburu. Akatabasamu, akasema, "Ndivyo iko. Hiyo ndio style yao." Kilonzo akaunga mkono, maskini, tena kwa ujuzi mwingi. "Hao majamaa hawabembelezi mtu. Wakimaliza, wamemaliza." Tukaamini. Tena tukaona ni ufundi! Na kanda zake zenyewe hatukuzisikia kamwe, maana alisema zitachakaa, Jumapili tusikilize hizi alizorekodi.

Sasa ngoja nikuambie kilichoniuma. Mwisho wa mwaka kiwandani kulikuwa na sherehe, na mimi na Rehema tukajiandikisha kuimba. Tulichagua wimbo mmoja wa Mburu, tukaufanyia mazoezi kwenye kila mapumziko ya chai. Tulipofika pale unapokatika, tukakata, tukainua mikono ya kulia juu, tukasimama kama sanamu. Tulidhani tumewamaliza. Kijana mmoja wa ofisini, aliyeujua wimbo ule, akapiga kelele kutoka nyuma: "Mmemeza mkia!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na sisi, mwanangu, tukamjibu kwa madharau. Rehema alimwambia, "Wewe hujui muziki, kaa chini." Tuliutetea uongo kwa jasho letu. Hata leo nikikumbuka, damu inachemka.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kwa Mburu, yeye ametoka kununua mkate. Wimbo wetu ukacheza, ukakatika. Mlangoni akasimama Cucu, mwiko mkononi, amekuja kutukaripia. Badala yake akauliza, "Sasa mbona mmezima?"

"Hatujazima, Cucu. Imeisha," nikasema.

"Imeisha nini? Haijafika pale gitaa inabaki peke yake, halafu wanarudi wote wakiimba kama kwaya."

Tukatazamana. Kilonzo akamwambia kwa upole kwamba labda anachanganya na wimbo mwingine.

"Mimi hiyo wimbo hata siipendi," Cucu akasema. "Lakini kijana wenu anaicheza kila jioni, na hii ukuta ni mabati. Saa hiyo husikia akivuta mkebe hapo chini ya kitanda."

Rehema ndiye aliyeinama. Ulikuwa mkebe wa biskuti, na ndani yake zilikuwa kanda zenyewe. Tukaiweka ile ya wimbo wetu. Ukafika pale pa kukatika, ukapita. Gitaa likabaki peke yake, taratibu, kisha sauti zote zikarudi pamoja, na Rehema akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilitamani kuitupa redio ile nje. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu amekula mandazi ya Rehema, amechukua kanda yangu akairekodi nzima bila kupunguza hata nukta, kisha ananirudishia vipande!

Mburu akaingia na mkate wake kwapani. Akasikia kinachocheza. Akafungua mdomo, Cucu akamwinulia mwiko.

"Nyamaza. Wimbo ya watu husikizwa mpaka mwisho. Si ndio huwa unawaambia?"

Tukausikiliza hadi mwisho, yeye akiwa amesimama mlangoni. Ulipoisha nikamuuliza kwa nini, na sikuuliza kwa sauti ya kanisani. Akatazama mkate.

"Mkipata zote nzima," akasema, "mtakuwa mnakuja hapa kufanya nini?"

Kumbe ni hilo tu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imefika ukutani. Ndipo Cucu alipomkemea, na ndiyo maneno ninayotaka uyashike.

"Ngai! Wewe ulifikiria hawa watoto wanatoka Thika juu ya mkebe? Mimi nakusikia kwa hii ukuta. Jumatatu mpaka Jumamosi uko peke yako na wimbo mzima, na sijawahi kukusikia ukicheka. Jumapili mko hapa na wimbo nusu na ploti yote haipumziki. Sasa ni gani ilikuwa inawaleta?"

Mburu akauweka mkate mezani. Cucu akavuta kigoda, akaketi mlangoni kama askari, na Mburu akaturekodia upya hadi giza likaingia, kila wimbo na mkia wake. Mkate tuliula, maana njaa haina hasira. Tuliendelea kukutana mpaka maisha yalipotutawanya, na Rehema alimsamehe siku hiyohiyo. Mimi nilichukua muda mrefu, na sitakudanganya, bado kuna kipande hakijaisha. Wimbo ule ukipigwa redioni, ukifika pale alipokata, mkono wangu wa kulia bado unataka kuinuka. Nimeusikia mzima mara nyingi mno. Mkono haujui. Kile alichonifundisha kwanza ndicho kilichobaki.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Ugali ukigawa unapungua, na bado katika nyumba hii tunagawa. Wimbo ukigawa haupungui hata chembe, halafu wewe unaufunika kwa kiganja! Unaogopa nini? Kwamba wengine wakiujua, wewe hutakuwa mtu? Usimnyime mwenzako kizuri ulichokipata, na ukimpa, mpe kizima, na jina lake na mwimbaji wake. Anayekupenda hakuja kwa sababu ya mkebe wako. Na akikuletea wake usioupenda, funga mdomo, usikilize hadi mwisho. Wazee wetu walisema alaye peke yake hufa peke yake, na hawakuwa wanazungumzia nyama tu.

Sasa chukua hiyo simu umpigie rafiki yako, hapa hapa nikisikia, umwambie huo wimbo ni wa nani. Ukimaliza, Mungu akubariki, mwanangu. Akujaze nyimbo na watu wa kuzisikiliza nawe, akuepushe na mkebe wa chini ya kitanda, na ukuta wa chumba chako usikie kicheko hata siku zisizo za Jumapili. Haya, piga.