Nyuzi za Askofu

Hiki nitakachowaambia hamtakiamini, na siwalaumu. Hata mimi niliyekuwapo huwa najiuliza kama mtu mzima, mwenye mke, ng'ombe wawili wa maziwa na ekari moja na nusu ya majani chai, anaweza kukaa miaka kumi na mmoja bila kubadilisha nyuzi za gitaa. Miaka kumi na mmoja. Kuna watoto waliozaliwa hapa, wakaanza shule, wakajifunza kunidharau, na nyuzi zilikuwa zile zile.

Mtu huyo ni Njuki, mtoto wa dada yangu. Kwa hivyo mimi nina ruhusa ya kumsema, wewe usimseme. Anaishi hapa Kianjokoma. Asubuhi anachuma majani, Jumapili anapiga gitaa kanisani. Yeye alimaliza kidato cha nne. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hilo la saba nililirudia mara mbili, kwa hivyo ukihesabu vizuri nina elimu ya miaka tisa. Mtaona wenyewe nani kati yetu alisoma. Naandika haya mezani kwake, maana meza yangu ina mguu mmoja mfupi, naye ameenda kupeleka majani kituoni yakapimwe.

Gitaa lile alinunuliwa na mama yake. Wakati huo Askofu alikuwa anakuja kuweka wakfu madhabahu mapya, na dada yangu, ambaye hakuwa mtu wa kupitwa na baraka, akalipeleka gitaa mbele pamoja na viti na vitambaa vya meza. Askofu akaomba, akachovya kidole kwenye mafuta, akaligusa. Basi. Tangu siku hiyo Njuki akaamua kwamba kila kilichokuwa kwenye gitaa kimebarikiwa: mbao, mkanda, vumbi, na nyuzi zote sita. Ukimwambia abadilishe nyuzi anakuangalia kama umemwambia afue Biblia kwa sabuni.

Sasa, nyuzi za gitaa hazifi siku moja. Mimi nazijua hizi kazi, nilikuwa na bendi moja pale Embu mjini nikiwa kijana. Kwanza mng'aro unapotea. Halafu ukipitisha kidole upande wa chini unasikia vishimo pale uzi unapogongana na vile vyuma vya shingoni. Halafu unalikaza gitaa, unaimba ubeti mmoja, limelegea tena. Mwisho sauti yenyewe inakuwa kama mtu anayepiga gunia la maharagwe kwa fimbo. Mtu wa kawaida anayepiga kila wiki, akifika miezi mitatu, minne, anazitoa. Mwenye jasho kali anazitoa mapema zaidi. Na Njuki si jasho tu. Kila mchuma majani ana vidole vyeusi, utomvu wa chai hautoki hata kwa sabuni ya kipande. Vidole hivyo hivyo ndivyo alivyopigia gitaa kila Jumapili. Nyuzi zikawa nyeusi kama kitako cha sufuria. Nikamuuliza ni nini kile. Akanijibu kwa unyenyekevu mkubwa kwamba ni mafuta ya Askofu yanazidi kuingia.

Jamani. Kidato cha nne.

Lakini ujinga wa kubaki nyumbani hauna hasara. Huu ulitoka ukaingia kwaya. Kwa vile nyuzi zilikuwa zimezeeka, Njuki aliogopa kuzikaza zisije zikakatika, kwa hivyo kila baada ya miezi kadhaa alikuwa anazilegeza kidogo, kidogo sana, hakuna aliyesikia. Na kwa vile kwaya inachukua sauti kutoka kwa gitaa, kwaya nayo ikashuka kidogo, kidogo sana. Mwaka wa kumi na mmoja akina mama wa sauti ya kwanza walikuwa wanaimba kama wazee wenye mafua. Wenye besi hata hawakuwa wanaimba tena, walikuwa wananguruma tu, ungedhani kuna lori linapanda mlima nyuma ya kanisa. Na sisi waumini tukakaa pale tukisema, hakika kwaya yetu ina uzito.

Mwaka huu akaja mwalimu mpya wa kwaya, Cicily, msichana mfupi ambaye hacheki bila sababu. Kwaya ilikuwa imealikwa kwenye tamasha kule Kaaga, Meru, na sheria ya tamasha ni kwamba kila kwaya inapewa sauti ya kuanzia na kinanda cha pale ukumbini. Siku ya kwanza ya mazoezi Cicily akatoa simu yake, ile yenye programu ya kupima sauti, akaiweka karibu na gitaa. Akaangalia. Akaipiga piga simu mkononi akidhani imeharibika. Halafu akawapa waimbaji sauti ya kweli kutoka kwenye simu, wakajaribu kuifikia, na mama mmoja akashika kifua akaomba maji.

Cicily hakupayuka. Alimwita Njuki kando, nami nikasogea karibu kwa ajili ya kumsaidia mtoto wa dada yangu kusikia.

"Baba Mugendi," alisema, maana kifungua mimba wa Njuki ni Mugendi, "hizi nyuzi zikiwa ni hizi hizi Jumapili ijayo, gitaa litabaki nyumbani. Kaaga tutaenda tukipiga makofi."

Hapo ndipo niliona uso wa Njuki. Miaka yote ile hajawahi kuwa mwenyekiti wa chochote. Kwenye mikutano ya majani anakaa nyuma. Kitu kimoja tu hapa duniani watu wanasubiri aanze ndipo na wao waanze, nacho ni lile gitaa. Akiondolewa pale, ni mtu anayechuma chai na kulala.

Na bado alikataa. Alirudi nyumbani akakaa na gitaa mapajani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Nikatoa leso yangu nyeupe, nikaipitisha kwenye uzi mnene mara moja, ikatoka na mstari mweusi. Nikamshikia puani. Nikamuuliza kama Askofu siku hizi anapaka watu chai ya maziwa au ya rangi. Aliisukuma leso kando. Mke wake, Wambeti, alikuwa anamenya ndizi za kupondea mukimo pale mlangoni. Huyo ndiye mwenye akili katika boma hili, ingawa hajui, na nyinyi msimwambie.

"Baba Mugendi," akasema, bila kuinua kichwa, "ile shati nyeupe uliyobatiziwa iko wapi?"

Njuki akasema ilichakaa zamani.

"Na ubatizo nao ulichakaa?"

Nilikuwa na maneno saba tayari mdomoni, yote makali, lakini Njuki akatangulia. Alisema polepole kwamba si Askofu peke yake. Alisema mama yake alikufa mwaka uliofuata, na hizi ndizo nyuzi alizozisikia.

Mimi nilikwenda nje kuangalia kama mvua inakuja. Haikuwa inakuja. Dada yangu alikuwa akiimba sauti ya kwanza.

Niliporudi, mambo yalikuwa yameamuliwa. Wambeti alikuwa amemwambia kwamba mama hakukaa kwenye kiti cha mbele kusikiliza waya, alikuja kumsikiliza yeye. Kesho yake Njuki akapanda gari kwenda Embu mjini akarudi na nyuzi mpya kwenye bahasha. Ilikuwa Jumatatu, na hilo lilikuwa shauri la Cicily: usifunge nyuzi mpya asubuhi ya kuimba, maana nyuzi mpya zinavutika, zinalegea, zinahitaji siku tatu nne za kukazwa na kukazwa tena mpaka zitulie. Mimi pia nilikuwa nalijua hilo, ila sikuulizwa.

Sasa sikilizeni jinsi kazi ilivyofanyika, mjifunze. Huwezi kukata nyuzi zote kwa pupa zikiwa zimekaza. Shingo ya gitaa imezoea kuvutwa, ukiiachilia ghafla inashtuka. Unaanza na uzi mmoja. Unazungusha lile sikio la kukazia kule kichwani mpaka uzi unalegea unaning'inia. Kule chini unachomoa kijiti kinachoubana, kwa upole, usikivunje. Unautoa. Unafunga mpya mahali pake kabla ya kugusa wa pili. Chini unaingiza ile ncha yenye kishanga, unarudisha kijiti, unauvuta usikie umeshika. Juu unaupitisha kwenye tundu, unaacha nafasi ya kutosha uzunguke mara mbili tatu, kila mzunguko chini ya mwenzake, si kurundika kama kamba ya kisima. Na huku unafuta mbao, kwa sababu chini ya nyuzi za Njuki tulikuta jani kavu la chai, bawa la mende na, naapa, nusu ya kijiti cha kibiriti.

Kazi ya kitambaa ilikuwa ya Njuki. Nyuzi zenyewe ilibidi nizishughulikie mimi, kwa sababu ya ile bendi. Ule mwembamba kuliko wote ulikatika wenyewe kabla ya kufika sauti yake, ukaruka ukapita karibu na sikio la Wambeti. Viwanda vya siku hizi ni hovyo. Njuki akarudi tena mjini Jumanne kuutafuta mwingine, nikamsindikiza, naye hakusema neno njia nzima, sijui kwa nini.

Zile za zamani hakuzitupa. Nilimshauri azifungie nyanya. Amezikunja duara, amezitundika kwenye msumari chini ya picha ya mama yake, hapa hapa mbele yangu ninapoandika, waya sita zilizooza kama urithi wa mfalme. Sijasema kitu. Ni nyumba yake.

Jumapili Cicily akaweka simu karibu na gitaa, akaangalia, akairudisha mfukoni. Hilo ndilo jibu alilotoa. Wiki iliyofuata tukaenda Kaaga, Njuki amekaa mbele ya basi na gitaa. Kwaya zilikuwa tano. Sisi tulikuwa wa tatu, na wa tatu si mbaya kwa watu ambao wiki mbili nyuma walikuwa wananguruma kama lori. Lakini matokeo si kitu. Kitu ni kile kilichotokea Njuki alipogusa uzi wa kwanza. Ukumbi mzima ulinyamaza. Kuku wa jirani walinyamaza. Majaji wote watatu walisimama, mmoja akatoa miwani akapangusa machozi, akashuka jukwaani, akapita watu wote, akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa mimi, akanishika mkono akaniuliza ni fundi gani aliyefunga nyuzi hizi, nami nikamwambia, kwa unyenyekevu, kwamba ni mimi, zote sita, peke yangu, bila kukata hata m

"Mjomba," Njuki amesema nyuma ya bega langu, kikapu cha majani bado mgongoni, "andika vizuri. Wewe ulishika kitambaa. Na ule uzi mwembamba ni wewe uliukata."