Uji wa Bi Mize

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi nilipomwaga uji wa watu nyuma ya nyumba huku mtoto wangu akilia njaa. Nilikuwa kijana kama wewe. Mume wangu alikuwa askari, tumehamishiwa Wingwi kutoka bara, sina mama karibu wala dada. Nikajifungua, maziwa yakagoma kutoka.

Jirani yetu, Bi Mize, akawa ananiletea kila asubuhi bakuli la uji wa pilipili manga, ule wanaopewa wazazi waliotoka kujifungua huku Pemba. Hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa dini moja. Na mimi kabla sijavuka bahari nilikuwa nimejazwa maneno kuhusu uchawi wa kisiwa hiki. Nikasema moyoni, lisemwalo lipo. Huyu bibi anataka nini? Akija napokea kwa mikono miwili, nacheka naye, akiondoka namwaga. Kuku wake wakaja kuula. Nikasimama mlangoni nione nani atakufa wa kwanza. Hakufa hata mmoja. Nikasema, basi dawa hii ni ya watu, haiwadhuru kuku.

Kwa Mungu nako nilikuwa vivyo hivyo. Nilimwomba maziwa, ila sikuamini atanipa hivi hivi tu. Nikafunga kula ili anione. Nikaweka nadhiri ya kufagia kanisa mwaka mzima. Yohana wangu akazidi kukonda, kilio chake kikawa chembamba, nikaogopa vibaya sana.

Mama Naomi, mzee wa kanisa letu dogo, alipokuja kunitazama aliwakuta kuku wameuzunguka uji.

"Umekula nini leo?" akaniuliza.

"Nimefunga, mama. Namwomba Mungu maziwa. Uji ule ameleta Bi Mize, nauogopa."

"Mzazi anafunga!" Akashika kichwa. "Mungu alishakujibu, wewe unawapa kuku. Unataka umlipe kwanza ndipo upokee? Neema hainunuliwi, binti. Kesho ukiletewa, kunywa. Sikuagizi lingine."

Mwanangu, kufagia kanisa mwaka mzima kungekuwa rahisi kwangu kuliko bakuli lile. Kesho yake nikanywa mbele ya Bi Mize, nimefumba macho. Akangoja mpaka nikamaliza.

"Leo wanywa weye," akasema taratibu. "Siku zile nyengine wakinywa kuku wangu. Nikiwaona warudi midomo imejaa uji."

Kumbe alijua! Alijua, na bado akaamka alfajiri kunipikia. Nililia kwa aibu, nikamwomba radhi.

"Basi, mwanangu, mzazi halii. Nipa bakuli langu, kesho n'takuja."

Maziwa yakatoka. Yohana leo ana watoto wake, wajukuu wangu wanaonisumbua.

Mimi bado ni mtu wa mashaka. Namba nisiyoijua ikipiga siipokei, na wewe usipokee, matapeli ni wengi. Lakini neema ya Mungu usiipime kwa mizani ya matapeli. Aliyajua mashaka yako kabla hajakupa, na akakupa. Usingoje ustahili, wala usimtafutie Mungu malipo. Akikuambia njoo, nenda ulivyo. Akikuambia samehe, samehe, hata ukiwa umefumba macho. Kunywa kwanza, maswali utauliza bakuli likiwa tupu.

Bwana akupe moyo mwepesi wa kupokea, mwanangu, na mikono yako isimwage alichokupikia. Amina.