Vanishi ni ya Majeneza

Fundi seremala wa Mbamba Bay hugusa ubao kwa mgongo wa kiganja, kama anayempima mtoto homa, huku akiutukana kwa sauti ya upole. Mama Ottilia alitaka meza yake mpya ya kuandalia chakula ing'ae, maana kesho anafungua mgahawa na Padri ndiye mteja wa kwanza.

"Piga vanishi, fundi."

"Vanishi ni ya majeneza, mama. Maiti hakati vitunguu."

Akaipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye mafuta, akisugua kwa kiganja kile kile. Ottilia akanusa, akakunja pua. Samaki wa Padri akinuka dawa, mgahawa umekufa.

"Kama ni salama, lamba!"

Fundi akainama, akalamba meza toka ncha hadi ncha, akatafakari.

"Imepungua chumvi."