Mzee Alibaki Hewani

Familia yetu ina watu watano na makundi ya familia mia tatu. Natia chumvi, lakini si gunia zima. Kuna programu ya kijani, kuna ya buluu, na kuna ile ya zambarau ambayo kaka yangu anaikalia peke yake kama chifu asiye na raia. Simu yangu ikianza kulia hapa Ntinda, Kampala, majirani hudhani naoa.

Kuhamahama kulianza dada yangu alipokwenda kufanya kazi Uarabuni. Kule alikokuwa, ile ya kijani ilikataa kupiga simu. Akatuma ujumbe: "Hamieni buluu, la sivyo mnisahau." Nikajiteua mkuu wa mawasiliano. Si nilimaliza shule ya jioni kule Mengo nikiwa na miaka thelathini na minne, na cheti changu sebuleni ni kikubwa kuliko dirisha? Nikawahamisha wote kwa siku moja.

Wiki hiyo Baba alikuwa amekuja kututembelea kutoka kaskazini. Alikuwa polisi mstaafu, na maisha yake yote kazini alikuwa mtu wa redio. Sisi ni watoto wa kambi. Kabla ya kujua kusoma tulijua kwamba ukisema "ova" umemaliza kusema na unasubiri jibu, na ukisema "aut" umefunga, unaondoka. Tulijua pia kwamba opareta haachi chaneli yake mpaka makao makuu yamruhusu. Anayeacha bila ruhusa ni mtoro.

Nikamwekea ile ya buluu kwenye simu yake.

"Mzee, sasa tunakutana hapa."

"Nani ametoa amri?"

"Mimi, afande."

"Siku hizi wewe ndiye makao makuu?"

"Nina cheti, Mzee."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Sawa. Nitakaa hapa mpaka uniambie vingine."

Mkataba wa dada ulipokwisha, akarudi. Hakuna aliyetangaza chochote. Tulirudi kijani mmoja mmoja, kama watu wanaotoka msibani bila kuaga. Mimi nikanunua simu nyingine, ile ya buluu sikuiweka tena. Baba nilikuwa nampigia kwa laini ya kawaida. Siku moja nikamchokoza: "Mzee, mbona kimya kwenye grupu?"

"Kimya ni chenu," alisema. "Mimi niko hewani."

Nilicheka sana. Mungu anisamehe, nilidhani ni utani.

Alifariki mwaka jana, kabla ya mvua. Mwezi uliopita tulitaka picha yake ya sare kwa ajili ya kaburi, dada akakumbuka kwamba iliachwa kwenye ile ya buluu. Nikaipakua upya programu hiyo mchana, nikiwa nimekaa kwenye kreti kibandani kwa dada, anapouza nyanya soko la Nakasero. Badala ya picha zikatangulia sauti. Zilikuwa thelathini na nane, zote za Jumapili, zote za saa tatu asubuhi.

"Kampala, hapa kaskazini. Shwari. Mbuzi amezaa mapacha. Ova."

"Kampala, mnanipata? Mama yenu anawasalimu. Ova."

Mteja aliyekuwa akichagua nyanya aliziweka chini polepole, akaondoka.

Katika ile ya mwisho alikuwa anahema. "Kampala, kama mmehama, nipeni amri nami nihame. Nasubiri. Ova."

Dada alifunika uso kwa khanga. Baadaye akasema, "Mwambie."

"Nimwambie nani? Tumemzika."

"Wewe ndiye uliyemweka hapo. Makao makuu ni wewe. Mruhusu aende akapumzike."

Mimi ninayeweza kuongea mpaka redio ikaomba nafasi, nilianza kuhesabu maneno. Nikabonyeza kurekodi. "Kaskazini, hapa Kampala. Tumekupata, Mzee. Zote thelathini na nane. Tulihama, sikukwambia. Kosa ni langu. Kazi yako imekwisha." Lilikuwa limebaki neno moja tu, la kufunga. Nikafungua mdomo, mdomo ukasema: "Ova."

"Umesema nini?" dada akauliza.

Nilikuwa nimeshatuma. Tiki ikatokea, moja. Tukaitazama. Nilitaka kufuta, kidole kikakataa. Kisha tiki zikawa mbili. Ujumbe umefunguliwa.

Simu ikaita hapo hapo mkononi, nikakaribia kuanguka juu ya nyanya. Alikuwa Mama, kwa kisimu chake cha vitufe.

"Simu ya baba yenu imelia," alisema. "Kila siku naichaji, kwa sababu alisema isizimwe. Nimebonyeza, ni sauti yako." Akaibonyeza tena. Nyuma yake niliisikia sauti yangu mwenyewe, iko mbali, ikirudia yale yale mpaka neno la mwisho.

"Mwanangu," akasema Mama, "umemaliza na ova. Sasa unataka nani akujibu?"