Profesa wa Popo na Mwalimu wa Konokono

Kazini walimwita Bi Popo, naye hakukasirika. Mtu anayeweka mizoga ya popo kwenye friji ya ofisi, mpaka ikabidi mlangoni ibandikwe karatasi ya CHAKULA MARUFUKU, ataitwa nini tena? Umri ulikuwa umeshamwendea, shahada ya pili anayo, na miaka yote hiyo alikuwa akipima mabawa ya popo kwa ajili ya tasnifu za watu wengine.

Sasa alitaka ya kwake. Vyuo viwili vilimkubali kusomea uzamivu wa biolojia ya uhifadhi, na jibu lilitakiwa kabla ya wiki kwisha. Chuo cha kwanza kilikuwa na Profesa wa popo, bingwa wa mabingwa. Cha pili kilikuwa na mwalimu mmoja, mama asiye na jina kubwa, aliyetafuta mtu wa kuchunguza konokono wa msituni. Konokono, jamani! Kule Bi Popo aliomba kwa kujihami tu.

Baba yake, dereva mstaafu, hakuona cha kufikiria.

"Watu wataniuliza binti yako ni daktari wa nini. Niseme konokono?"

"Hata popo hujawahi kuwapenda, baba."

"Popo angalau anaruka."

Watu wa fani hii ndio ugonjwa wao huo: humchagua mnyama kwanza, msimamizi baadaye, na miaka ikishapita ndipo wanagundua kwamba mnyama hasomi rasimu. Bi Popo aliujua ugonjwa huo vizuri, na alikuwa anaumwa vilevile.

Wa kumshauri hakuwa mbali. Mchora ramani wa ofisi, dada mpole wa meza ya pili, aliwahi kusoma kwa Profesa huyohuyo wa popo miaka minne, akaacha bila shahada.

"Nenda tu, shoga," alimwambia. "Mimi nilishindwa mwenyewe. Kichwa changu kizito. Profesa hana kosa."

Alikuwa akisema hivyo tangu alipoajiriwa, na hakuna aliyembishia.

Bi Popo akampigia simu kwanza mwalimu wa konokono, akamuuliza swali ambalo kila mwombaji huambiwa aulize: wanafunzi walioondoka kabla ya kumaliza, waliondoka kwa nini?

"Wawili. Mmoja alifiwa na mume. Wa pili tuligombana, na kosa lilikuwa langu. Nikupe namba yake?"

Makubwa haya, akawaza Bi Popo. Mtu gani anajianika hivi?

Zamu ya Profesa ilipofika, Bi Popo alifungua kompyuta mezani kwake waongee kwa video. Mchora ramani akataka kuwapisha. Bi Popo akamwambia akae, chumba ni chao wote. Profesa alikuwa mchangamfu kwelikweli. Alitania, akasifu, akamwahidi mapango ambayo Bi Popo alikuwa ameyaona vitabuni tu. Moyo wa Bi Popo ulishajibu ndiyo. Lile swali aliliuliza kutimiza wajibu.

"Walioniacha?" Profesa akacheka. "Dada yangu, kwangu hajawahi kuondoka mtu. Hata mmoja!"

Kule meza ya pili kipanya cha kompyuta kiliacha kugonga. Bi Popo aligeuka, aibu ikamshika kana kwamba ni yeye aliyesema. Mchora ramani akainuka, akavuta kiti chake taratibu, akakaa mbele ya kamera.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, marahaba!" Profesa akasogea, akamtazama usoni vizuri, akatabasamu kwa wema wote. "Na wewe ni nani, mwanangu? Nawe unapenda popo?"

"Niliwapenda," akasema mchora ramani.

Siku hiyohiyo Bi Popo alimkubalia mwalimu wa konokono. Kisha akalia, maana popo aliwapenda kweli, na mchora ramani ndiye aliyembembeleza.